Utafiti wa Chuo Kikuu: Nani Atamlinda Mwananchi?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali)



Nimeombwa nizungumze juu ya utafiti wa vyuo vikuu, na juu ya fedha zinazotolewa ili matunda ya utafiti huo yageuzwe kuwa bidhaa na ajira. Jambo hili kwa kawaida huachiwa maprofesa na wahasibu. Mimi nimelileta kwenu kwa sababu fedha hizo ni za mwananchi, na mara nyingi mwili unaojaribiwa dawa nao ni wa mwananchi. Ikiwa ni hivyo, basi mwalimu wa shule ya msingi na karani wa wilaya wanayo haki, tena wanao wajibu, wa kulielewa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema pia kwamba kinyozi hajinyoi. Methali hizo mbili ndizo nguzo za maneno yangu ya leo. Utafiti unaotakiwa kuleta maendeleo unahitaji vitu vitatu: fedha ya kuuanzisha, daftari la kuilinda fedha hiyo, na jicho la kumlinda binadamu. Kikikosekana kimoja, viwili vilivyobaki haviwezi kuibeba kazi.

Mfano wangu mkubwa nitautoa Marekani. Sina nia ya kuwaambieni tuige kila kitokacho ng'ambo. Hiyo ni kasumba tuliyokwisha kuikataa. Ninautoa kwa sababu nchi hiyo imetembea katika njia hii kwa muda mrefu, na mahali ilipojikwaa pameandikwa wazi. Si lazima kila mtu ajikwae katika kisiki kile kile ndipo ajue kwamba kipo.

Nianze na fedha. Hadi mwaka 1980, uvumbuzi uliofanywa Marekani kwa fedha za Serikali kwa kawaida ulikuwa mali ya Serikali. Hataza, yaani hati za kumiliki uvumbuzi, zipatazo 28,000 zilikuwa mikononi mwa Serikali, na zile zilizokuwa zimekodishwa kwa viwanda hazikufika hata tano katika kila mia. Desemba 1980 ilipitishwa sheria ijulikanayo kwa majina ya maseneta wawili, Birch Bayh na Robert Dole. Sheria hiyo iliviruhusu vyuo vikuu kumiliki uvumbuzi wao, lakini kwa masharti: mvumbuzi agawiwe sehemu ya mrabaha, makampuni madogo yafikiriwe kwanza, na Serikali ibaki na haki ya kuutumia uvumbuzi huo bila malipo.

Hata hivyo hati si bidhaa. Benki haipendi kukopesha wazo ambalo halijajaribiwa, na kampuni kubwa husubiri mdogo ahangaike peke yake kwanza. Mwaka 1977 mtumishi mmoja wa Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, Roland Tibbetts, alianzisha mpango wa kuyapa makampuni madogo ruzuku ya utafiti hatua kwa hatua. Julai 1982 mpango huo ukawa sheria. Kila idara ya Serikali iliyotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwa utafiti unaofanywa na watu wa nje ilitakiwa itenge fungu kwa ajili ya makampuni yenye wafanyakazi wasiozidi 500. Fungu hilo lilianza na asilimia 0.2, lakini kufikia mwaka 2017 lilikuwa limepanda hadi asilimia 3.2.

Angalieni jinsi hatua zilivyopangwa. Katika hatua ya kwanza kampuni hupewa fedha kidogo, kwa miezi michache, ili ijibu swali moja tu: je, wazo hili linawezekana? Ikishindwa, hasara ni ndogo na imejulikana mapema. Ikifaulu, huingia hatua ya pili yenye fedha nyingi zaidi, ambayo kwa kawaida huchukua miaka miwili, ili itengeneze kielelezo cha bidhaa. Katika hatua ya tatu mfuko hautoi tena kitu. Kampuni yapaswa itafute wateja na wenye mitaji. Mwaka 1992 ukaongezwa mpango wa pili unaoishurutisha kampuni ndogo ishirikiane na chuo au taasisi ya utafiti: kampuni ifanye angalau asilimia 40 ya kazi, na taasisi angalau asilimia 30. Kampuni ya Qualcomm, iliyoanzishwa mwaka 1985 na ambayo leo ufundi wake umo katika simu za dunia nzima, ni miongoni mwa zile zilizosaidiwa na ruzuku hizo zilipokuwa bado changa.

Lakini palipo na asali hapakosi nzi. Yalijitokeza makampuni yaliyobobea katika kuandika maombi kuliko katika kutengeneza bidhaa, yakiishi kwa ruzuku mwaka baada ya mwaka. Septemba 30, 2025, muda wa sheria ya mipango hiyo ulikwisha kabla Bunge la Marekani halijakubaliana juu ya kuihuisha, na moja ya mabishano yaliyokuwapo lilihusu makampuni ya namna hiyo. Hapa tunajifunza kwamba kutoa fedha ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kujua wakati wa kuacha kutoa.

Hapo, Ndugu Mwenyekiti, ndipo linapoingia daftari. Mtafiti wa chuo kikuu anapopata ruzuku, fedha hazitiwi mfukoni mwake. Hupitia ofisi ya usimamizi wa utafiti. Ofisi hiyo ndiyo inayosoma masharti ya mkataba, kupima bajeti, kuhakikisha kwamba mshahara uliolipwa unalingana na muda uliofanyiwa kazi, na kupeleka taarifa kwa mtoa fedha. Juu ya gharama za utafiti wenyewe, chuo hudai pia sehemu ya gharama za jumla, kama vile umeme, majengo, maktaba na mishahara ya wahasibu. Madai hayo ni ya haki, kwa kuwa hakuna maabara inayofanya kazi gizani. Lakini mlango huo ukiachwa wazi, mengi hupita.

Mwaka 1990 na 1991 Marekani nzima ilishangazwa na habari za Chuo Kikuu cha Stanford. Ilibainika kwamba miongoni mwa gharama za jumla zilizoingizwa katika hesabu za utafiti wa Serikali zilikuwamo gharama za uchakavu wa mashua ya anasa, na za maua ya nyumba ya mkuu wa chuo. Mkuu huyo, Donald Kennedy, akatangaza mwaka 1991 kwamba atajiuzulu. Mwaka huo huo Serikali iliweka kikomo: sehemu ya gharama za utawala ambayo chuo chaweza kudai isizidi asilimia 26. Mwaka 1994 Serikali na chuo walipatana, na madai ya udanganyifu hayakuthibitika. Basi nawauliza, kama hapakuwa na wizi, ni nini kilichokivunjia heshima chuo kile? Ni daftari lisiloweza kusomwa mbele ya mlipa kodi bila aibu. Karani wa ofisi ya utafiti anayeuliza, "Hii mashua inahusianaje na utafiti?" si mkorofi. Huyo ndiye rafiki wa kweli wa mtafiti.

Sasa nifike kwenye jicho. Hapa sizungumzii tena fedha, nazungumzia roho za watu.

Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuwachunguza wanaume weusi, wengi wao wakulima maskini, katika wilaya ya Macon, jimbo la Alabama. Watu 399 walikuwa na kaswende. Wengine 201 hawakuwa nayo. Waliambiwa kwamba wanatibiwa "damu mbaya". Walipewa chakula na ahadi ya kulipiwa gharama za mazishi. Hawakuambiwa ugonjwa wao. Katika miaka ya 1940 penisilini ilithibitika kuwa tiba, lakini hawakupewa, kwa sababu watafiti walitaka kuona ugonjwa utafika wapi. Jambo hilo liliendelea kwa miaka 40.

Nani alilikomesha? Hakuwa profesa mashuhuri. Alikuwa Peter Buxtun, mtumishi wa idara ile ile, aliyeajiriwa kuwahoji wagonjwa wa magonjwa ya zinaa mjini San Francisco. Kuanzia mwaka 1966 aliwaandikia wakubwa wake kuwalalamikia, wakampuuza. Hatimaye habari zikafika kwa waandishi, na Julai 1972 zikachapishwa. Mwaka 1974 ikatungwa sheria iliyoweka msingi wa kamati za kuchunguza utafiti wowote unaohusu binadamu. Chini ya kanuni zake kamati haiwezi kuwa na watu wasiofika watano; lazima awemo mmoja ambaye si mwanasayansi, na mmoja asiye na uhusiano wowote na taasisi inayofanya utafiti; wala mjumbe mwenye maslahi katika jambo haruhusiwi kushiriki katika kuliamua. Ndugu walimu, kiti hicho cha asiye mwanasayansi ni kiti chenu.

Je, kamati hizo zilimaliza tatizo? La hasha. Septemba 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alijitolea katika jaribio la tiba ya vinasaba katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Alikuwa na ugonjwa wa ini wa kurithi, alioudhibiti kwa dawa na kwa kuchagua chakula. Jaribio lile halikukusudiwa kumponya yeye. Alikubali ili baadaye watoto wachanga wenye ugonjwa huo wapate kuishi. Alidungwa sindano Septemba 13, na Septemba 17 akafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba kiasi cha amonia katika damu yake kilikuwa kimepita mpaka uliowekwa na utaratibu wa jaribio lenyewe, kwamba madhara yaliyowapata wagonjwa waliomtangulia hayakuripotiwa ipasavyo, na kwamba fomu ya ridhaa haikutaja vifo vya nyani waliopewa tiba ya aina hiyo. Ikajulikana pia kwamba chuo, pamoja na kiongozi wa taasisi iliyofanya jaribio, walikuwa na hisa katika kampuni iliyotarajia kufaidika na uvumbuzi wa taasisi hiyo. Mwaka 2005 chuo kililipa Serikali zaidi ya dola 500,000, bila kukiri kosa.

Sisemi kwamba hisa ndizo zilizomwua kijana yule. Hakuna aliyelithibitisha hilo, wala hakuna awezaye kuusoma moyo wa mwingine. Nasema kwamba mwenye hisa katika mavuno hawezi kuaminiwa peke yake kusema kama shamba lina nyoka. Marekani ilikuwa imekwisha kuweka kanuni, mwaka 1995, kwamba mtafiti anayetumia fedha za afya za Serikali atangaze maslahi yake yakizidi dola 10,000. Mwaka 2011 kiwango hicho kilishushwa hadi dola 5,000. Kanuni nyingi katika habari hii zimeandikwa baada ya msiba. Je, na sisi tungoje msiba wetu?

Najua wapo watakaosema kwamba kamati na fomu ni urasimu, na kwamba mtafiti kijana hukata tamaa akizungushwa kutoka meza hadi meza. Malalamiko hayo yana ukweli. Kibali kinachokaa mezani miezi sita kwa sababu mhusika yuko semina hakimlindi mwananchi yeyote; kinamchosha mwaminifu na kumfundisha mjanja njia za mkato. Dawa yake ni kuwa na maofisa wanaoijua kazi, na kujibu kwa tarehe iliyoahidiwa. Kuuondoa ulinzi kwa sababu mlinzi amesinzia si dawa.

Nchini kwetu misingi ipo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 iliunda Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ikaweka na mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia. Tume inayosimamia mfuko ndiyo pia inayotoa vibali vya utafiti. Na vibali vya maadili ya utafiti wa afya hupitia NIMR, ambayo yenyewe ni taasisi ya watafiti. Hilo si kosa la mtu. Lakini mkono wa kutoa na mkono wa kukagua vikiwa katika mwili mmoja, yapasa kila mkono uwe na daftari lake, na daftari hilo liweze kusomwa na mtu wa nje.

Namalizia na kazi iliyo mbele yenu. Mtafiti akifika shuleni au kijijini, mpokeeni kwa heshima, maana bila utafiti hatuendi popote. Kisha mwulizeni maswali manne. Kibali chako kiko wapi? Nani anakulipa, na nani atafaidika ukifaulu? Mtu akikataa kushiriki, au akitaka kujitoa katikati, atapoteza nini? Na matokeo utayaleta lini tuyasikie? Mtafiti mwaminifu atayajibu yote manne akiwa amesimama mlangoni, tena kwa furaha. Atakayekasirika, mwambieni asubiri, nanyi mwandikie wakubwa wenu barua. Wakiipuuza, andikeni ya pili. Wale wazee wa Macon walingoja miaka 40 mpaka mtumishi mmoja wa cheo cha chini alipokataa kunyamaza.