Kompyuta inayoturudisha mlangoni: namna orodha ya chama iliokolewa
(Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanamemba, Salamabila)



Wengi mliuliza sababu gani kugawa mbegu kulisimama siku mbili. Sababu ni kompyuta. Ndani yake kuna orodha ya jamaa zilizorudi na michango ya kila mmoja. Siye wengi tulikimbia bila karatasi. Ile orodha ikipotea, nani atajua nani alitoa nini?

Ugonjwa ulikuwa huu: unaandika neno la siri, kioo kinakuwa cheusi kidogo, halafu kinakurudisha palepale. Neno la siri likiwa baya, kompyuta inasema ni baya. Hii haikusema kitu. Maana yake mlango unafunguka, ila ndani kuna kitu kinakusukuma inje.

Wamoja walisema: futa yote, weka Linux upya. Tulikataa. Huwezi kubomoa nyumba juu ya mlango.

Sikieni tulivyofanya, ili hata kijana wa Kabambare ao Kasongo aweze.

Kwanza, chaji batri ijae, maana moto ukikatika katikati ya kazi utaharibu zaidi. Kisha finya Ctrl, Alt na F3 pamoja. Kunakuja kioo cha maandishi tu. Andika jina, kisha neno la siri. Herufi hazionekani, usiogope. Ila angalia klavie: yetu ni ya Kifaransa, na pale inaweza kusomwa kama ya Kiingereza, a ikawa q. Jaribu herufi hizo mahali pa jina kwanza.

Ukiisha ingia, andika df -h. Kwetu mstari wa / ulionyesha 100%. Diski ilijaa! Kompyuta ikitaka kufungua meza yako inaandika kwanza vifaili vidogo. Ikikosa nafasi, inakutupa inje. Kwa kawaida diski ya ext4 inamuwekea msimamizi akiba ya 5%, ndiyo maana yeye bado anaweza kufanya kazi.

Mbele ya kutengeneza, okoa orodha. Chomeka flashi, andika lsblk uone jina lake. Kwetu ilikuwa sdb1:

sudo mount /dev/sdb1 /mnt
sudo cp -r ~/Documents /mnt
sudo umount /mnt

Usichomoe flashi mbele ya ule mstari wa mwisho kuisha.

Halafu toa takataka. Kwa Ubuntu ao Debian:

sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=100M

Rudia df -h. Ikiwa nafasi imepatikana, andika sudo reboot. Yetu ilifunguka, na hakuna jina hata moja lililopotea.

Na kama diski haikujaa? Andika ls -l ~/.Xauthority. Ukiona mwenye faili ni root, si wewe, irudishe kwako: sudo chown $USER: ~/.Xauthority. Tena ls -ld /tmp inapaswa kuanza na drwxrwxrwt. Isipokuwa hivyo, sudo chmod 1777 /tmp.

Ndugu wafadhili, hatuombi kompyuta mpya. Tunaomba flashi mbili, zikae kwa watu wawili, nyumba mbalimbali. Na ninyi wanamemba, kila mwisho wa mwezi mje msomewe orodha kwa sauti, kila mtu asikie jina lake.