Swali la Nfumu Kinywani mwa Nabii: Kishawishi cha Ibada ya Sanamu katika Kanisa la Leo

Mada kwa semina ya wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa, Lagangabilili, Wilaya ya Itilima

Tukitaja ibada ya sanamu hapa Itilima, mawazo hukimbilia kwa nfumu (mganga wa jadi), kwa masamva (mizimu ya mababu) na hirizi za viunoni. Tumeyahubiri hayo miaka mingi, na mshirika akionekana huko tunamtenga. Hoja yangu ni kwamba kishawishi kikubwa cha leo kiko ndani ya kanisa, nacho hutumia vitu ambavyo Mungu mwenyewe alitupa. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu, na waliomtazama walipona kweli. Vizazi vingi baadaye, katika 2 Wafalme 18, Hezekia anamvunjavunja kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Sanduku la Agano nalo, katika 1 Samweli 4, lilipelekwa vitani kama zindiko. Wafilisti wakaliteka na askari 30,000 wa Israeli wakaanguka. Hivi havikuwa vitu vya Baali. Vilikuwa vitakatifu, na utakatifu huo ndio uliowafanya watu wasishtuke.

Atasimama mtu aulize: Yakobo 5 haiagizi mafuta? Matendo 19 haitaji leso za Paulo? Inaagiza, na inataja. Lakini Yakobo anawaita wazee wamwendee mgonjwa, wamwombee, na nguvu anaiweka katika maombi ya imani. Kuhusu leso, Luka anasema waziwazi kwamba aliyetenda ni Mungu. Kinachopaswa kuulizwa juu ya chupa ya mafuta, maji au chumvi ni kama inamwacha Mungu awe huru kusema hapana, au inamwahidi mwenye nayo kwamba Mungu hana budi kutii. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako. Siwalaumu marehemu hata kidogo; walibeba shida za kweli. Imani kwamba baraka imemwagwa pale chini, na haipatikani kwa magoti nyumbani, ndiyo lazima ihojiwe. Wala tusijifariji kwamba tatizo ni fedha tu, eti kwa kuwa Wakolosai 3 huita tamaa ibada ya sanamu. Mwaka 2011, kijijini Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alitoza shilingi 500 tu kwa kikombe cha dawa. Hata hivyo ilifundishwa kwamba dawa ile hufanya kazi ikitolewa kwa mkono wake pekee. Mkono wa mtu ukishakuwa wa lazima, Kristo si mpatanishi peke yake tena, hata kama kikombe kingetolewa bure.

Usukumani jambo hili lina mzizi wa ndani zaidi. Mtoto amefariki, ng'ombe wamekufa, pamba imekauka shambani: mtu huenda kwa nfumu akiwa na swali moja, nani kanifanyia? Injili ilikuja kubadilisha swali lenyewe. Badala yake wengi wetu tumebadilisha mjibuji. Nabii anayesema madhabahuni kwamba aliyefunga kizazi chako ni mama mzee wa jirani amepiga ramli, hata kama amemaliza kwa jina la Yesu. Na ramli hiyo ina watu wanaoilipia kwa damu. Katika Simiyu, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wamekatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Kanisa lilikuwa na kila sababu ya kuunga mkono. Lakini ramli haihitaji kibuyu. Kipaza sauti kinatosha.

Wapo watakaosema huku ni kurudia dharau ya wamisionari kwa Mwafrika. Sikubali. Mwaka 1517 Johann Tetzel alikuwa akiuza vyeti vya msamaha katika nchi za Wajerumani, na hapakuwa na nfumu hata mmoja pale. Wengine watasema, kwa uchungu ninaouheshimu, kwamba zahanati iko mbali na mtu hawezi kungoja. Basi kanisa lichange nauli ya mgonjwa, liende naye hospitali, likeshe naye. Huduma hiyo ni ngumu kuliko kugawa chupa, na huenda ndiyo sababu tunaikwepa.

Ninapendekeza jambo moja kwa mabaraza yetu ya wazee. Mshirika anayekwenda kwa nfumu tunamtenga. Mhubiri anayemtaja mtu, kwa jina au kwa dalili, kuwa ndiye mchawi wa familia, atengwe kwa utaratibu uleule, awe wa kwetu au mgeni wa mkutano wa injili. Na siku hiyohiyo wazee waende nyumbani kwa aliyetajwa, wakae naye, na wamjulishe mwenyekiti wa kitongoji. Tutapoteza washirika watakaomfuata nabii mwingine. Hezekia naye, alipomvunja nyoka, alivunja kitu ambacho watu wake walikipenda.