Sahani ya Tisa: Kupika Nyumbani na Kumpelekea Mteja

(Muziki wa kufungulia. Unapungua, sauti ya mtangazaji inaingia.)

Mama, vuta kigoda ukae. Kijana, tafuta kalamu na karatasi, kwa sababu leo tutapiga hesabu.

Swali ninaloulizwa kila ninapopita mtaani ni hili: "Nina shilingi elfu ishirini na tano mkononi. Naweza kuanza biashara gani?" Najua swali hilo linatoka wapi. Mwezi wa Aprili 2020 mgao wa chakula ulipunguzwa kwa asilimia 30. Februari 2021 ukabaki asilimia 60. Tangu 2023 familia zikapangwa katika makundi, wengine wanapata zaidi, wengine kidogo, wengine hakuna. Aliyehamia Kampala kwa hiari yake anajitegemea. Kwa hiyo anayeuliza swali hili hatafuti utajiri. Anatafuta sufuria ya jioni.

Leo tuzungumze juu ya kazi moja: kupika nyumbani na kupeleka chakula kwa mteja. Hulipii kibanda, hulipii meza sokoni. Jiko ni lako, miguu ni yako.

Kama umewahi kufika katikati ya Kampala saa sita mchana, umeiona kazi hii. Pita Kikuubo, pita kwenye zile ghorofa za maduka karibu na soko la Owino. Utaona akina mama wamebeba sahani zilizofunikwa, wanapanda ngazi, wanaingia duka hadi duka. Mwenye duka hawezi kufunga aende kula, maana akiondoka mteja anaenda kwa jirani. Kwa hiyo chakula kinamfuata. Hiyo ndiyo siri ya biashara hii: unamuuzia chakula mtu asiyeweza kuondoka mahali pake.

Usidhani lazima uwe na programu ya simu. Jumia Food, kampuni kubwa ya kupeleka vyakula, ilifunga kazi zake Uganda mwishoni mwa 2023. Akina mama wa Kikuubo bado wanapanda ngazi.

Na usidhani mkimbizi haruhusiwi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za 2010, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha ripoti mwaka 2014. Waliona kwamba Kampala, katika kila wakimbizi mia moja, 21 walikuwa na biashara iliyoajiri mtu mwingine. Na katika watu walioajiriwa, asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Kwa hiyo mtu akikuambia mkimbizi ni mzigo tu, wewe mjibu kwa hesabu hiyo, bila hasira.

Sasa nataka nikuambie kosa, kabla sijakuambia mafanikio. Kosa lenyewe ni langu.

Dada yangu mkubwa, Yaya, anaishi Katwe. Nilipomaliza sekondari nilienda kukaa kwake. Yaya alikuwa anapika wali na maharage, siku nyingine bugali na sombe. Mimi nilikuwa nabeba. Wateja wetu walikuwa mafundi wa vyuma, wale wanaotengeneza milango na sigiri. Mtaji tuliutoa kwenye pesa ya kodi ya nyumba, shilingi 80,000. Tulisema tutairudisha kabla mwezi haujaisha.

Wiki ya kwanza chakula kilikwisha chote. Nilirudi na sahani tupu, nikajiona mfanyabiashara. Lakini sahani tupu si pesa. Fundi mmoja aliniambia, "Nitakupa Jumamosi." Wa pili akaona, naye akasema Jumamosi. Niliona haya kukataa. Nilijiambia, nikikataa nitawapoteza. Jumamosi ilipofika, wawili walilipa, mmoja alibadilisha mahali pa kazi, wengine wakasema tajiri wao hajawalipa. Yaya akaendelea kupika kwa pesa iliyobaki, akitumaini. Wiki ya tatu hakukuwa na pesa ya mchele. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alifunga mlango kwa kufuli lake, na sisi tuko nje na watoto wawili na sufuria.

Yaya hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Uliandika?" Sikuwa nimeandika hata jina moja.

Tulilala kwa jirani siku sita. Yaya alifua nguo za watu mpaka akapata cha kumpa mwenye nyumba. Baadaye akaanza upya na shilingi 25,000, na safari hii alinikalisha chini na daftari. Hesabu aliyonionyesha ndiyo ninayokupa sasa. Bei zinabadilika, kwa hiyo weka bei za soko lako. Sisi tulipanga sahani kumi na mbili.

Andika:

Mchele kilo mbili, 9,000.
Maharage kilo moja na nusu, 6,000.
Mafuta, nyanya, vitunguu na chumvi, 4,000.
Makaa, 3,000.
Nauli ya kwenda sokoni na kurudi, 2,000.
Maji, 500.
Muda wa maongezi, 500.

Jumla ni 25,000. Watu wengi huhesabu mchele na maharage tu, halafu wanashangaa pesa imeenda wapi. Imeenda kwenye makaa, maji na nauli.

Uza kila sahani 3,000. Sahani kumi na mbili ni 36,000. Faida ni 11,000. Vizuri. Lakini sasa angalia hapa. Ukiuza sahani nane tu kwa pesa taslimu, una 24,000. Umetoka saa kumi na moja alfajiri, umepika, umetembea, na umepata hasara ya 1,000. Ukiuza ya tisa, una 27,000. Sahani nane za kwanza si zako, ni za soko, za makaa na za maji. Faida yako inaanza kwenye sahani ya tisa.

Sasa uone mkopo unavyoua. Umeuza zote kumi na mbili, lakini nne ni za "Jumamosi". Mkononi una 24,000. Kesho huwezi kupika sahani kumi na mbili. Hukupoteza mteja, umepoteza jiko.

Kwa hiyo Yaya aliweka masharti manne, na mimi nawapa kama alivyonipa.

La kwanza: pika kilichoagizwa. Jioni, pita kwa wateja au wapigie. Uliza nani atakula kesho. Ukipata watu tisa, pika sahani kumi, usipike ishirini kwa matumaini. Chakula kilichobaki ni pesa iliyopoa.

La pili: pesa kwanza, sahani baadaye. Namna ya kukataa mkopo bila ugomvi ni hii: "Kaka, chakula si changu, ni cha Yaya, nami nahesabiwa sahani." Wewe unayepika mwenyewe sema, "Mtaji ni wa kikundi, siruhusiwi." Atakayechukia kwa neno hilo hakuwa na mpango wa kulipa.

La tatu: usipeleke mbali kuliko miguu yako. Kwa hesabu yetu, sahani moja ina faida ya shilingi kama 900. Boda boda ya 3,000 inakula faida ya sahani tatu. Tafuta wateja kumi mahali pamoja: karakana moja, saluni moja, shule moja. Mteja wa mbali alipe usafiri mwenyewe, na umwambie kabla hujawasha jiko.

La nne: mtaji haukai kwenye pochi moja na pesa ya nyumbani. Kila jioni rudisha 25,000 kwenye kopo lake kabla hujanunua hata sabuni. Na usianze na pesa ya kodi. Usianze kwa kuuza godoro. Usimwachie mkopeshaji kitambulisho chako cha ukimbizi wala kadi ya mgao, hata akikuahidi maneno matamu. Bora kikundi cha kuweka akiba. Mtindo huu wa vikundi vya kununua hisa, kukopeshana na kugawana mwisho wa mwaka ulianzishwa Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, na leo uko karibu katika kila makazi yetu. Riba inabaki ndani ya kikundi.

(Muziki mfupi.)

Turudi jikoni. Mteja mmoja akiharisha, karakana nzima itajua kabla ya jioni. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kila utokapo chooni. Kisu cha nyama mbichi kisiguse nyanya za kachumbari. Pika kiive hadi ndani. Tumia maji salama, yaliyochemshwa au kutibiwa. Chakula kilichoiva kisikae kimepoa zaidi ya saa mbili. Kipeleke kikiwa kinatoa moshi. Huna chombo cha kuhifadhi joto? Funika sufuria vizuri, ifunge kwa blanketi safi ndani ya kikapu au beseni. Ukiwa unaharisha au unatapika, usipike. Potezeni siku chache, msipoteze wateja wote.

Maharage loweka usiku, yatakula makaa kidogo. Ila yachemke sana kwa dakika kumi au zaidi kabla hujapunguza moto. Maharage mekundu yasiyoiva yanaumiza tumbo.

Juu ya pesa za simu: tangu 2019 laini inaweza kusajiliwa kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ni vizuri laini ya biashara iwe kwa jina lako. Mteja akisema ametuma, usiamini ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe, ndipo uachie sahani. Namba ya siri usimpe mtu, hata anayesema yuko ofisi ya kampuni. Kumbuka pia kutoa pesa kuna ada ya wakala na kodi ya serikali. Kama muuza mchele anapokea kwa simu, mlipe kwa simu. Usitoe kila siku vipande vipande.

Na serikali ya mji? Kampala ina divisheni tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Mwone kwanza mwenyekiti wa LC1 wa mtaa wako, umjulishe unafanya nini. Kisha uliza ofisi ya divisheni juu ya leseni na cheti cha afya cha wapishi. Usitandaze chakula kando ya barabara bila ruhusa, askari wa mji wakipita utapoteza sufuria na chakula pamoja. Kupeleka kwa mteja aliyeagiza ni njia tulivu zaidi, lakini cheti cha afya kinakulinda wewe na yeye.

Sasa wewe uliye kambini unasema, "Hayo ni ya Kampala." Hapana. Sisemi ufunge mzigo uende mjini. Ukiondoka, mgao hauji nyuma yako, na kodi ya nyumba inaanza siku ile ile. Angalia ulipo. Base Camp hapa Nakivale kuna wenye maduka, mafundi wa simu, vijana wa pikipiki. Kuna walimu, kuna wauguzi wa kituo cha afya wanaofanya kazi hadi jioni. Nani kati yao hawezi kuacha kazi yake saa sita mchana? Anza na hao. Kama 25,000 ni nyingi, anza na uji na mandazi za asubuhi kwa watu watano. Hesabu ni ile ile: tafuta ni kikombe cha ngapi kinachoanza kuwa chako.

Yaya bado yuko Katwe. Hana mgahawa, hana gari. Anapika sahani ishirini, kodi analipa kwa wakati, watoto wanasoma. Ukutani, juu ya jiko, kuna daftari limefungwa kwa kamba. Fundi mmoja kati ya wale wa zamani alirudi mwaka jana, akalipa deni lake lote. Yaya alipokea, akamshukuru, akampa sahani. Ya pesa taslimu.

Mimi ni mtangazaji wenu. Kama unafanya kazi hii, nitafute ofisini kwetu, uniambie sahani yako ya faida ni ya ngapi. Tukutane wiki ijayo, saa hii hii. Kaeni salama.

(Muziki wa kufungia.)

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji

1. Mahali unapoishi, ni watu gani wasioweza kuacha kazi yao mchana?
2. Pigeni hesabu ya sahani kumi kwa bei za soko lenu. Faida inaanza kwenye sahani ya ngapi?
3. Jirani yako anaomba chakula cha mkopo. Utamjibu vipi bila kuvunja ujirani? Igizeni wawili wawili.
4. Nani katika kikundi alipoteza mtaji? Angefanya nini tofauti leo?