FAINI, KODI NA KIFUNGO

Hotuba ya karani mmoja mbele ya baraza la watu wa Zuzu, Dodoma

Nimeombwa niseme habari ya mtu kutiwa gerezani kwa sababu hakulipa faini au kodi. Habari hii twaisikia mara nyingi, bali wengi wetu huisikia nusu tu, na nusu ile isiyosikika ndiyo iwaponzayo watu.

Kwanza yafaa tuzitenge kodi na faini. Kodi ni mali atoayo kila mtu aliyepaswa na sheria, ingawa hana kosa lolote. Faini ni adhabu ya kosa. Hakimu akisema, "Utalipa kiasi kadha, au utakwenda kifungoni siku kadha," maana yake si kwamba mtu achague apendalo kama mtu achaguavyo kitambaa dukani. Faini ndiyo adhabu. Kifungo huja nyuma yake, kwa ajili ya yule asiyelipa.

Katika nchi yetu kodi imefunga watu zamani kuliko wengi wadhanivyo. Wadachi walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na asiye na fedha aliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi. Sijui nani aliyeiita nyumba moja nyumba moja katika nchi ya matembe, ambapo paa ni moja na chini yake wamo baba, wana, wake zao na ndama; bila shaka hesabu hiyo ilizaa mabishano. Waingereza nao wakatunga sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Asiyelipa aliweza kutumwa kazi ya Serikali, kama kutengeneza barabara, mpaka kazi yake itimize kiasi cha kodi. Mwaka 1930 mkutano wa mataifa juu ya mambo ya kazi, uliofanyika Geneva, uliamua kwamba kazi ya namna hiyo ikomeshwe hatua kwa hatua.

Baada ya uhuru, kwa sheria ya fedha za serikali za mitaa ya mwaka 1982, halmashauri zikatoza kodi ya maendeleo kwa watu wazima. Wenye umri wa kutosha hapa wanakumbuka mgambo waliosimama njiani wakidai stakabadhi, na vijana waliolala porini ili wasikutwe nyumbani. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Nasema kwa sauti, ili asiwepo mtu wa kuwatisha wazee kwa jambo lililokwisha: kodi ya maendeleo ya kichwa haipo tena. Yaliyobaki ni ushuru wa namna nyingine, na faini za makosa, zikiwamo zile za sheria ndogo za halmashauri.

Sasa nataka kusema neno ambalo kwangu ndilo kubwa. Sheria huhesabu kifungo kwa siku na miezi, na mwezi wa gerezani ni mwezi, uwe wa Agosti au wa Januari. Lakini sisi ni watu wa Ugogo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, nayo kwa kawaida haizidi sana milimeta 500 au 600 kwa mwaka mzima. Mtu akifungwa mwezi mmoja katika Agosti, jamaa zake watachota maji na kuchunga mifugo, na akirudi atakuta nyumba yake kama alivyoiacha. Mtu yule yule, kwa kosa lile lile, akifungwa mwezi mmoja katika Januari, hakupanda uwele wala hakupalilia mtama. Adhabu yake haikwishi siku afunguliwapo mlango pale Isanga. Mke na watoto wataendelea kuitumikia mpaka mavuno ya mwaka wa pili. Wao hawakushitakiwa, wala hapana hakimu aliyewaona.

Wazee wetu walijua vema maana ya kuondoa mikono shambani. Wakati wa vita vya 1914 hata 1918 majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi wa Ugogo, kisha mvua zikakosa, ikaja njaa ile iitwayo Mtunya. Silinganishi faini ya mtu mmoja na msiba ule. Nasema tu kwamba nyumba iliyotolewa mtu wa jembe wakati wa kupanda haina akiba ya kungojea.

Wengine husema, "Basi auze mbuzi alipe." Ni kweli, na wengi hufanya hivyo, tena ukoo huchanga. Lakini mwenye kuuza kwa haraka hupangiwa bei na mnunuzi. Mbuzi aliyekonda wakati wa kiangazi, akauzwa leo kwa kuwa kesho ni siku ya kulipa, mwenyewe hupoteza faini na zaidi ya faini.

Maneno "faini au kifungo" yamewahi kumfikia hata mtu mkubwa. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishitakiwa kwa maneno yaliyoandikwa katika gazeti la chama chake juu ya mabwana shauri wawili. Akahukumiwa kulipa shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Faini ililipwa, naye hakulala gerezani. Hukumu kama hiyo angepewa mkulima asiye na chama nyuma yake, angefungwa miezi sita yote, na karatasi ya hukumu ingekuwa haina tofauti hata herufi moja.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Uingereza, Winston Churchill alipokuwa waziri wa mambo ya ndani mwaka 1910, alilalamika kwamba maelfu ya watu hufungwa kila mwaka kwa kukosa faini ndogo tu. Sheria ya mwaka 1914 ikataka watu wapewe nafasi ya kulipa, na idadi ya wafungwa wa namna hiyo ikapungua sana. Sheria nyingine ya mwaka 1935 ikamtaka hakimu aulize kwanza uwezo wa mtu. Marekani nako, mahakama kuu ya nchi iliamua mwaka 1983 kwamba asifungwe mtu kwa kukosa faini kabla ya kuulizwa kama alikataa kulipa au alishindwa. Kukataa na kushindwa ni mambo mawili, na kwa maoni yangu hakimu asiyeyatenga hajamaliza shauri lake.

Je, kwetu? Ziko njia, ila hazitumiki na wasiozijua. Hakimu aweza kumpa mtu muda wa kulipa. Lakini hakimu hakai Zuzu, hajui kwamba umebakiza eka mbili hazijapandwa. Usiponena, atadhani unazo fedha. Tena, mtu aliyekwisha kuingia gerezani kwa kukosa faini, jamaa zake wakilipa sehemu, siku zake hupunguzwa kwa kadiri ya fedha iliyolipwa. Na ikilipwa yote, hufunguliwa. Nimeona watu wakikaa na nusu ya fedha nyumbani, wakingoja ipatikane nusu ya pili, na ndugu yao akihesabu siku bure. Kadhalika iko sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 2002: mwenye kosa dogo aweza kuamriwa kufanya kazi ya manufaa kwa watu wote, bila ujira, naye hulala kwake.

Kwa hiyo mtu aitwapo mahakamani aende. Anayekimbia huongeza kosa juu ya kosa, na ombi lake la muda halitasikilizwa tena. Akiulizwa, aseme uwezo wake kwa ukweli: mifugo mingapi, watoto wangapi, shamba limefika wapi. Akilipa, asitoke bila stakabadhi yenye kiasi, tarehe na jina lake mwenyewe. Mgambo akimdai faini njiani, amwulize kwa adabu ni kwa sheria gani, naye adai stakabadhi vile vile.

Mwenye karatasi asiyoweza kuisoma aje nayo sasa hivi hapa mezani, nitamsomea.