Ukurasa Nilioung'oa
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu, Moshi)



Nimeombwa niseme machache juu ya faida ya maktaba. Mimi ni mtumishi wa serikali, kazi yangu kuandika taarifa. Leo naleta taarifa iliyochelewa miaka thelathini hivi.

Niliingia Kidato cha Kwanza mwaka 1995. Asubuhi ile niliteremka mlimani na sanduku la bati kichwani. Mama alibaki ukingoni mwa kihamba, akijifuta macho kwa pindo la kanga. Sikugeuka mara ya pili, nikiogopa kulia.

Kiingereza changu kilikuwa cha kubabaisha, kwa hiyo maktabani nilitafuta vitabu vyenye picha. Nikapata Treasure Island cha Robert Louis Stevenson, kilichotoka mwaka 1883, ambacho tangu enzi za Waingereza kilifasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Nakala yetu ilikuwa na picha za rangi za Mmarekani N. C. Wyeth. Alizichora mwaka 1911, akiwa na miaka 28, kwa rangi za mafuta juu ya turubai zenye kimo cha zaidi ya mita moja, ndipo zikapunguzwa kuingia kitabuni. Malipo yake yalimwezesha kununua shamba na kujenga nyumba huko Chadds Ford, Pennsylvania.

Wenzangu walimpenda kipofu Pew, akipapasa njia kwa fimbo katika mbalamwezi. Mimi nilinaswa na picha ya Jim akiondoka nyumbani. Kijana yuko mbele na furushi lake. Nyuma, mama yake analia, aproni usoni. Stevenson aliyapitia maagano hayo kwa maneno machache. Wyeth aliyapa ukurasa mzima. Nilimwona mama yangu.

Nikaung'oa ukurasa ule, nikauficha chini ya godoro.

Siku ya ukaguzi wa vitabu, lawama ilimwangukia mwenzangu aliyekiazima baada yangu. Alichapwa, na baba yake akauza ndizi kulipa faini. Mimi nilisimama kwenye mstari ule ule, kimya.

Mwenzangu huyo yumo humu ukumbini. Jana usiku nilimwendea kumwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Hiyo picha ilikuwa nzuri kweli?" Aliadhibiwa kwa picha ambayo hajapata kuiona.

Vijana, mkiona kitu kizuri kitabuni, kiacheni humo. Aliye nyuma yako kwenye foleni huenda naye ana mama aliyemwacha mlangoni.

Mwalimu Mkuu, pokea nakala mpya yenye picha zote, na ukurasa wa zamani pamoja na mikunjo yake. Naomba mwenzangu awe wa kwanza kukiazima.