JE, KIUNGO KILICHOKATIKA CHAWEZA KUOTA TENA?

(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya sala ya tarawehe, Malindi)



Nitaanza na swali. Nani kati yenu hajawahi kuona mkia wa mjusi kafiri ukirukaruka peke yake sakafuni, na mwenyewe keshatoroka juu ya boriti? (Maskini mjusi huyu, hana usalama wowote penye watoto wa madrasa.) Mkia ule huota tena. Wavuvi wetu wa Mida nao wajua kwamba kaa aliyepoteza gando, akishajivua gamba, hutoa gando jingine. Hata kiti cha pweza kule mwambani Watamu hukatika mkono akaotesha mwingine. Sisi je? Sisi twabaki na kovu.

Na usidhani hili ni swali la kupoteza wakati mpaka daku. Mjomba wangu alichomwa na msumari unyayoni, naye ana kisukari. Hakusikia maumivu, kidonda kikaoza, mguu ukakatwa chini ya goti. Baadaye akaja bwana mmoja na chupa ya mafuta, akidai yaotesha nyama na mifupa. Pesa zikaenda, mguu haukurudi. Kwa hivyo mtu akikuuliza kama kiungo chaota, yafaa ujue jibu kamili, si nusu yake.

Mnyama aliyesomwa sana katika jambo hili aitwa aksolotli. Ni jamii ya salamanda, umbo kama la mjusi lakini ngozi laini ya chura. Kwetu hayuko, kwani Afrika yote kusini ya Sahara haina salamanda wa asili. Kwao ni Xochimilco, katika jiji la Mexico, na mwituni amebakia kidogo mno, karibu atoweke. Ajabu yake ya kwanza ni kwamba hakui akamaliza. Kiluwiluwi hugeuka chura, lakini huyu huzeeka na kuzaa akiwa bado na mashavu ya kupumulia majini, yametokeza nje shingoni kama manyoya. Mwaka 1864 mtaalamu mmoja wa Paris, Auguste Duméril, alipokea wachache walio hai. Walipozaa, baadhi ya watoto wakapoteza mashavu yale wakatoka nchi kavu! Baadaye ikajulikana kwamba ni homoni ya tezi ya shingoni inayofanya kazi hiyo.

Ajabu ya pili ndiyo yetu. Mguu wa aksolotli ukikatwa, ngozi hulifunika jeraha upesi, na chini yake hukusanyika fungu la chembe hai liitwalo blastema. Humo hutoka mfupa, misuli, mishipa, vidole, vyote mahali pake. Na chembe zile zajua zilipo: ukikatwa kwenye kifundo cha mkono, huota kiganja tu, ukikatwa begani, huota mkono mzima. Zajuaje? Mwaka 1982 Malcolm Maden aliwapa vitamini A aksolotli waliokatwa kifundoni, na badala ya kiganja pakaota mkono mzima tangu juu, ukiwa umepachikwa mwisho wa mkono. Yaani chembe zilipotezwa njia, zikadhani ziko begani. Shikeni jina hilo la Maden, tutalikuta tena.

Najua kuna atakayesema, huyo ni kiumbe wa majini mwenye damu baridi, yatuhusu nini? Hata mimi nilidhani mfano wa karibu nasi utapatikana Marekani au Japani. Kumbe upo Laikipia, safari ya siku moja kutoka hapa.

Huko kwenye vilima vya mawe huishi panya-miiba, panya mdogo mwenye manyoya magumu mgongoni kama sindano. Ukimkamata, ngozi yake huchanika na kubaki mkononi mwako, naye akakimbia na jeraha wazi. Mwaka 2012 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Ashley Seifert, na miongoni mwa wenzake alikuwamo Malcolm Maden yule yule, pamoja na Mkenya, Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye mwaka 2020 alikuja kuwa Naibu Chansela wa chuo hicho. Walipima ngozi ya panya huyu wakaona ni dhaifu mara 20 hivi kuliko ya panya wa kawaida wa maabara. Kuchanika si ajabu sana. Ajabu ni kupona. Ngozi ilirudi pamoja na mashina ya nywele, kovu likawa dogo mno. Wakatoboa masikio tundu la milimita 4, tundu likajiziba lote, na ndani yake mkaota ngozi, nywele, mafuta na hata gegedu. Panya wa kawaida akitobolewa hivyo hubaki na tundu lake, sawa na dada zetu na vipuli vyao.

Sasa, siri iko wapi? Sehemu yake iko katika askari wa mwili waitwao makrofaji, wale wanaokula uchafu na vijidudu kwenye jeraha. Mwaka 2013 watafiti waliwaondoa askari hawa kwa aksolotli. Mguu haukuota, pakawa na kovu kama letu. Askari waliporudi na mguu ukakatwa upya, ukaota. Mwaka 2017 kundi la Seifert likaonyesha kwamba panya-miiba naye bila makrofaji sikio halizibi. Basi sisi tunao askari hao hao, lakini kwetu kazi huishia kwenye kovu. Kovu si adui. Huziba haraka, huzuia damu na uchafu. Lakini pale lilipotangulia, kuota hakuna nafasi.

Hata hivyo tusipae sana. Panya-miiba haoteshi mguu, na mkia wake ukikatika ndio basi. Mjusi naye, ule mkia mpya ndani hauna pingili za uti, una bomba la gegedu tu. Sisi wenyewe hatukunyimwa kabisa: ini likikatwa sehemu hurudi kujaa, na ncha ya kidole yaweza kuota tena, hasa kwa mtoto. Cynthia Illingworth, daktari wa watoto huko Sheffield, Uingereza, aliandika mwaka 1974 juu ya watoto waliobanwa vidole na milango: ncha zilizosafishwa na kufungwa bila kushonwa zilirudi, kucha na yote. (Mtoto akibanwa, mpelekeni hospitali, msikae nyumbani mkingoja kiote!) Lakini mguu wa mtu mzima, hadi leo hakuna daktari wala mganga aliyeuotesha. Anayekuuzia mafuta hayo anakuuzia maneno.

Kwa hivyo msomaji, wewe mwenye bibi au babu wa kisukari, leo baada ya kufuturu mkalishe, chukua taa, mwangalie nyayo na katikati ya vidole. Usimuulize kama paumiza, kwani hapo ndipo alipopotea mjomba wangu. Sukari hufisha hisia za miguu. Ukiona malengelenge, mchubuko au weusi, kesho asubuhi mpelekeni zahanati. Na kama hajamuuliza daktari juu ya kufunga na dawa zake, muulizeni siku hiyo hiyo.

Wabillahi tawfiq. Wenye maswali wasogee mbele, wasichana upande ule.