Wiki Mbili Katika Gari-Nyumba

(Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wa chama aliponiandikia kunialika, aliniomba nisizungumze habari za ofisi, kwa kuwa wanafunzi watasinzia. Nimelitii ombi lake kwa sehemu kubwa. Nitawaeleza habari za safari niliyoifanya mwezi wa Agosti mwaka 2019 pamoja na wenzangu watatu waliosoma hapa hapa. Tuliivuka nchi ya Marekani kutoka mji wa Minneapolis mpaka Los Angeles, kilomita zipatazo 4,500, tukipitia hifadhi zao za taifa na kulala ndani ya gari. Ofisi itaingia kidogo tu, nanyi mtaona kwa nini.

Wenzangu hao ninyi wa rika langu mnawafahamu, kwa hiyo sina haja ya kuwataja majina. Nitawaita kwa kazi zao. Wa kwanza ni daktari, na wa pili ni dereva wa malori ya masafa marefu. Wote wawili walihamia huko siku nyingi. Wa tatu ni mwalimu wa jiografia, aliyetoka nyumbani kwa nauli aliyoidunduliza miaka minne. Mimi nilikuwa nimemaliza mafunzo mafupi ya kazi huko huko, nikaunganisha na likizo yangu ya mwaka. Tulikuwa hatujalala chini ya paa moja tangu tulipofunga masanduku yetu katika bweni la hapa.

Kwanza nieleze chombo chenyewe. Wamarekani hukiita RV. Mimi nitakiita gari-nyumba. Mbele ni gari kama magari mengine, na nyuma ni kama chumba chenye vitanda, jiko la gesi, jokofu, meza, choo na bafu dogo. Juu ya kichwa cha dereva kuna kitanda kingine, na hapo tulimpandisha Mwalimu kwa kuwa ndiye mfupi. Gari letu la kukodi lilikuwa na urefu wa karibu mita 9, na lita moja ya petroli lililimaliza katika kilomita nne hivi. Chini ya sakafu mna matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyokwisha kuogewa na kuoshea vyombo, na la choo. Kila baada ya siku mbili au tatu hamna budi kufika penye shimo maalumu, kuunganisha bomba nene, na kumwaga tangi la choo kwanza, kisha lile la maji ya sabuni ili lisafishe bomba. Ukibadilisha mpangilio huo, harufu mtasafiri nayo. Kazi hii haina kibarua wa kumpa. Daktari, ambaye hospitalini kwake watu humsimamia anapopita, zamu yake ilipofika alivaa glavu akainama kama sisi wengine.

Zamu hizo ziliandikwa na Mwalimu kwenye karatasi, akaibandika mlangoni mwa jokofu: nani anapika, nani anaosha vyombo, nani anaendesha, nani anamwaga. Mliolala bwenini mtaitambua karatasi hiyo. Hata hivyo zamu hazikuzuia ugomvi. Siku ya tatu tulipandishiana sauti, maana Dereva alizoea kufika na Mwalimu alitaka tusimame kila penye mwamba. Tulisuluhishana kwa kukubaliana kwamba kila mmoja atakuwa na siku yake ya kuamua, na wengine watanyamaza mpaka jua lizame. Vijana, mkija kusafiri pamoja, anzeni na sheria hiyo.

Siku ya Mwalimu iliangukia Badlands, katika jimbo la South Dakota. Ni vilima vya udongo na mawe laini vilivyochongwa na mvua na upepo, vyenye mistari myekundu, ya manjano na ya kijivu, na ndani yake hupatikana mifupa ya wanyama waliokwisha kutoweka duniani. Tulisimama mara kumi na moja. Dereva alihesabu.

Kutoka hapo tulifika Milima Myeusi, Black Hills, ambako nyuso za marais wanne zimechongwa katika mlima kati ya mwaka 1927 na 1941. Watalii ni wengi mno. Lakini milima hiyo ina kesi. Kwa mkataba wa mwaka 1868 serikali ya Marekani iliwaachia Walakota nchi hiyo. Mwaka 1874 dhahabu ikaonekana, na mwaka 1877 nchi ikachukuliwa. Mwaka 1980 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kwamba Walakota walipwe fidia, zaidi ya dola milioni 100. Wao walikataa kuzipokea fedha hizo, wakisema kwamba wanadai milima yao na hawakuiuza. Kazi yangu mimi, kama baadhi yenu mjuavyo, ni ya ardhi na mipaka yake. Nilisimama pale nikitazama sura za mawe, na nikawa nawaza habari za watu waliokataa hundi.

Siku mbili baadaye tuliingia Yellowstone. Hii ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza ya Marekani. Sheria yake ilitiwa saini na Rais Ulysses S. Grant tarehe 1 Machi 1872. Ukubwa wake unakaribia kilomita za mraba 9,000. Serengeti yetu inakaribia 15,000. Hifadhi imekaa juu ya volkano iliyo hai, kwa hiyo ardhi inatoa mvuke, matope yanatokota, na maji ya moto yanaruka kutoka chini. Chemchemi mashuhuri kuliko zote, Old Faithful, huruka kwa wastani kila dakika 90 hivi, na maji yake hupanda mita 40 na zaidi. Tulikaa kwenye mabenchi pamoja na mamia ya watu tukiisubiri.

Hao watu ndio waliotushangaza. Tulidhani tutawakuta matajiri. Katika viwanja vya kulalia magari, jirani zetu walikuwa fundi wa mabomba na mkewe, muuguzi na wajukuu zake, mzee aliyestaafu kazi ya posta. Tiketi ya mwaka mzima ya kuingia hifadhi zote za taifa, kwa gari na waliomo ndani yake, ilikuwa dola 80 mwaka ule. Tena tangu mwaka 2015 ulianzishwa mpango wa kuwaruhusu watoto wa darasa la nne waingie bure pamoja na jamaa zao waliomo garini. Nilimwuliza yule mzee wa posta sababu ya kuja kila mwaka. Alinijibu kwamba hifadhi ni yake. Anakuja kuangalia kama inatunzwa.

Na kweli imepata kuharibiwa na kutengenezwa tena. Nyati wao, baisani, waliwindwa hata ikafika mwaka 1902 wakabaki kama dazeni mbili tu katika hifadhi yote. Leo wako maelfu, nao walituzuia barabarani nusu saa nzima, wakitembea kwa dharau kama nyumbu wa kwetu. Mbwa mwitu wa kule, wakubwa kuliko wetu, waliuawa kwa makusudi mpaka wakaisha mnamo mwaka 1926. Mwaka 1995 na 1996 waliletwa wengine 31 kutoka Kanada, wakazaliana. Wananchi walibishana sana juu ya kuwarudisha, maana wafugaji wa jirani waliogopa mifugo yao. Mtu hugombania kitu anachokijua.

Lakini watu hawakurudishwa kama mbwa mwitu. Katika ardhi ya Yellowstone binadamu wameishi na kupita kwa miaka ipatayo 11,000. Walichonga mishale kwa jiwe jeusi la volkano ambalo vipande vyake vimeokotwa mbali mpaka Ohio. Jamaa mmoja wa Washoshone, waliowinda kondoo wa milimani, walikuwa na makazi mle mle. Miaka michache baada ya hifadhi kuundwa waliondolewa. Kwa muda mrefu wageni waliambiwa kwamba wenyeji waliiogopa nchi ile kwa sababu ya maji ya moto, na kwa hiyo ilikuwa tupu. Habari hiyo haikuwa ya kweli, na leo hifadhi yenyewe inayatambua makabila 27 yenye uhusiano na ardhi hiyo.

Usiku ule tulikula ugali. Unga alikuwa nao Daktari. Mwalimu akaanza kueleza jinsi Wamasai walivyohamishwa kutoka Serengeti mwaka 1959 na kupelekwa upande wa Ngorongoro. Dereva, ambaye kwa kawaida ndiye msemaji wetu, alikuwa kimya. Kisha akasema:

"Jamani, bibi yangu mzaa mama alizaliwa mahali ambapo leo ni hifadhi. Baba yake kazikwa mle. Mama akitaka kulizuru kaburi la babu yake, sharti akate tiketi."

Daktari akamwambia, "Na usingewekwa mpaka, ndugu yangu, leo ungemkuta tembo gani pale? Si pangekuwa tanuri za mkaa?"

"Pengine. Sikusema mpaka uondolewe. Nasema hakuna aliyemwuliza bibi kitu, na hakuna anayemtaja."

Mwalimu naye akasema neno ambalo sijalisahau: "Nafundisha hifadhi zetu mwaka wa kumi na sita huu, kwa ramani ya ubaoni. Wanafunzi wangu hawajaona hata moja. Twiga wamemwona kwenye noti na kwenye ndege."

Wote watatu walisema kweli, na tulilala bila kuamua nani ameshinda. Mimi nilikaa macho. Ramani ninazozishughulikia kazini zina mito, barabara na vigingi. Hazina makaburi.

Sehemu zilizofuata nitazipitia haraka. Tuliteremka kwenye milima ya Teton, tukaenda kusini mpaka bonde la Zion katika jimbo la Utah, ambalo kuta zake ni nyekundu na ndefu kiasi cha kukuumiza shingo. Huko kuna njia iliyotobolewa ndani ya mlima na kufunguliwa mwaka 1930, urefu wake kama kilomita 1.8. Magari ya siku zile yalikuwa madogo. Siku tuliyopita sisi, walinzi walisimamisha magari ya upande wa pili ili gari-nyumba letu lipite katikati. Dereva alijisikia rais.

Kituo cha mwisho ndicho ninachotaka vijana wakikumbuke. Ni Hifadhi ya Sequoia, California. Gari letu lilikuwa refu mno kwa kona za mlima huo, basi tuliliacha katika mji wa Visalia tukapanda basi. Huko iko miti iliyokwisha kuishi zaidi ya miaka 2,000. Mkubwa wao, uitwao General Sherman, una urefu wa karibu mita 84, na shina lake chini lina mzunguko wa mita 31. 

Barabara ya kwanza ya magari ya farasi kufika kwenye miti hiyo ilikamilishwa mwaka 1903 na askari weusi wa farasi, wakiongozwa na Kapteni Charles Young. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1864 Kentucky, wazazi wake wakiwa watumwa. Alikuwa mtu mweusi wa tatu kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point. Zamani zile hifadhi zililindwa na jeshi, naye akawa mtu mweusi wa kwanza kuisimamia hifadhi ya taifa ya Marekani. Alifia Lagos, Nigeria, mwaka 1922, akiwa kazini. Tulikwenda mpaka mwisho wa nchi ya watu, tukakuta njia ya kwanza ya kuifikia miti ile ilikamilishwa na mtu wa asili ya Afrika. Mwalimu alivua kofia.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nifikie shabaha ya maneno yangu. Kiingilio cha raia katika hifadhi zetu ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni, lakini gari ni ghali, na kwa sababu hiyo wengi wetu huzeeka bila kuona. Watu wasioona hawawezi kuuliza. Hawatauliza mwindaji haramu kapitia wapi, wala kijiji kililipwa nini, wala mpaka uliwekwa lini na nani alikuwepo.

Dereva alikuja likizo mwaka 2023. Tulikodi basi dogo, tukaingia naye katika hifadhi ile pamoja na mama yake, mwenye umri wa miaka 74. Kaburi hatukulipata, vichaka vimekua. Mama alitambua mbuyu mmoja aliosimuliwa na mama yake, akaomba gari lisimame. Askari wa hifadhi aliyetuongoza, kijana wa umri wa kuwa mjukuu wake, alizima redio yake akamsikiliza mpaka alipomaliza. Alisema hakuwahi kuambiwa kwamba pale palikuwa na kijiji, akaliandika jina lake katika daftari.

Kwa hiyo naleta ombi mbele ya chama. Tuchangie basi, mafuta na kiingilio, ili kila mwaka Kidato cha Tatu waende hifadhi iliyo karibu na shule, walale usiku mmoja, na wapike wenyewe kwa zamu. Tena katika basi hilo kiti kimoja awekewe mzee wa kijiji cha jirani, awaeleze wanafunzi majina ya mahali kabla ya mipaka. Sisi wanne tumekwisha toa mchango wetu wa safari ya kwanza, na mweka hazina anazo fedha hizo. Zinatosha mafuta ya kwenda. Za kurudi nawaachia ninyi.